Jina mlangoni: jinsi ya kuizoea Uswidi ukitoka kwetu

Barua yangu ya kwanza Uswidi ilirudishwa ilikotoka. Ndani yake mlikuwa na namba niliyoingoja kwa wiki kadhaa, namba ambayo bila hiyo hufungui akaunti benki na hata jimu wanakutazama kama umeshuka kutoka mwezini. Kosa lilikuwa langu: sikubandika jina mlangoni. Kwenye jengo letu mtu wa posta hupanda ngazi mpaka kwenye mlango wa kila nyumba, husoma jina lililo juu ya tundu la barua, na asipoliona huenda zake. Hagongi. Hamuulizi jirani. Siku hiyo nilikuwa ndani nakunywa chai, na nadhani hata hatua zake nilizisikia.

Kwetu Tanga angeulizwa muuza maandazi wa kona, angesema "si yule mgeni wa juzi?" na barua ingefika. Uswidi hakuna wa kuuliza kwa niaba yako. Hakuna anayekufuata, lakini kuna orodha ya kila kitu, na jina lako likiwa kwenye orodha unahudumiwa sawa na mwenyeji. Karibu yote nitakayoeleza hapa chini yanatokana na hilo.

Nilikaa Umeå miaka miwili, zaidi ya kilomita mia sita kwa barabara kaskazini mwa Stockholm. Haya nimemwandikia mtu anayekwenda kusoma au kufanya kazi mwaka mmoja na kuendelea. Anayekwenda Malmö au Göteborg apunguze baridi kidogo, mengine ni yale yale.

Hatua ya 1: Kabla hujapanda ndege

Beba vyeti halisi, si nakala: cha kuzaliwa cha RITA, cha ndoa kama umeoa au umeolewa, na vya watoto. Vilivyo kwa Kiswahili vitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayetambulika ukiwa bado nyumbani, kwa sababu kule kazi hiyo itakula fedha ya chakula.

Nyama na maziwa usifungashe, hata kama mama amekukaangia kwa mikono yake. Sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kuviingiza kutoka kwetu, na forodha wakivikuta ndiyo mwisho wake.

Fedha ya chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakiona, usitume. Matapeli wa vyumba wanawajua vizuri wanafunzi wageni, na picha wanazokutumia ni nzuri kweli. Chuo kikikupa chumba, kichukue hata kama ni kidogo na jiko ni la watu kumi. Mjini Stockholm wenyeji wenyewe husubiri miaka kwenye foleni ya nyumba za kupanga, kwa hiyo usiseme utatafuta ukifika.

Koti zito usinunue Dar. Makoti mengi ya kwetu ni ya baridi ya Lushoto. Vaa sweta na jaketi la kukufikisha, mengine yanakusubiri kwenye maduka ya mitumba. Ndiyo, mitumba. Myrorna na Erikshjälpen wana matawi miji mingi, na koti ambalo jipya lingekumalizia posho ya mwezi unalipata kwa bei ya kuongea. Mpenda mitumba atajisikia yuko peponi: anachagua kabla belo halijafungwa.

Hatua ya 2: Jina mlangoni, kisha namba

Siku unayopewa ufunguo, andika jina lako kwenye karatasi, libandike juu ya tundu la barua. Kama unaishi kwa mtu, anwani yako iandikwe *c/o* na jina la mwenye nyumba. Baada ya hapo ndipo uende Skatteverket. Hii ni mamlaka ya kodi, lakini daftari la wakazi wa nchi nzima ni lao. Unajaza taarifa ya kuhamia, kisha unafika mwenyewe na pasipoti, kadi ya ukaazi na vile vyeti. Wakikukubali unapewa *personnummer*: tarehe yako ya kuzaliwa ikifuatwa na tarakimu nne. Inatolewa kwa anayetarajia kuishi Uswidi mwaka mmoja au zaidi. Mwenye kibali cha miezi sita haipati.

Mfuatano wa baadaye usiuvuruge, maana kila kimoja kinafungua kinachofuata. Namba kwanza, halafu kitambulisho cha Skatteverket, halafu akaunti ya benki, halafu BankID kwenye simu, halafu Swish. BankID ndiyo sahihi yako: utaingia nayo kwenye mambo ya kodi, ya hospitali, ya mkataba wa nyumba. Swish ni M-Pesa yao. Ilianza 2012, miaka mitano baada ya M-Pesa ya Kenya, na sikuchoka kuwakumbusha. Haina wakala wa kibandani. Imefungwa kwenye akaunti ya benki. Fedha taslimu karibu haina kazi. Utakutana na mkahawa unaouza kahawa na mkate tu, na mlangoni wameandika hawapokei noti. Kwa hiyo wiki za mwanzo uwe na kadi ya benki ya nyumbani inayofanya kazi nje, na ijaribu kabla ya safari.

Ukishaandikishwa, usishtuke kukuta anwani yako na siku yako ya kuzaliwa mtandaoni, kila mtu anaweza kusoma. Uwazi wa nyaraka za umma wanao kisheria tangu 1766. Mwenzangu wa maabara alinitakia heri ya kuzaliwa nami sijamwambia mtu.

Hatua ya 3: Jifunze saa upya

Sisi saa tunaihesabu kuanzia kunapokucha. Kule jua si la kutegemea. Desemba mjini Umeå linachomoza karibu saa tatu na nusu asubuhi, na kabla ya saa nane mchana limeshazama. Mwislamu anaswali Adhuhuri, Alasiri na Magharibi katika mchana mmoja mfupi kiasi kwamba ni afadhali abaki na udhu.

Lakini kilichoniumbua mimi ni *halv tre*. *Halv* ni nusu, *tre* ni tatu, nami kichwani nikaunganisha: tatu na nusu, yaani 15:30. Kumbe wao wanamaanisha nusu kuelekea tatu, 14:30, ambayo kwetu ni saa nane na nusu mchana. Nilifika kwa msimamizi wangu saa nzima baadaye, natabasamu, nikakuta mlango umefungwa na karatasi ndogo ya njano: nilikusubiri, tupange tena. Tangu siku hiyo kila ninapoambiwa saa kwa mdomo huandika tarakimu kwenye simu na kumwonyesha aliyesema: "14.30?" Hawaudhiki. Wanapenda mtu anayehakikisha.

Wiki nazo zina namba. Mtu atakwambia "tukutane wiki ya 41" kama vile kila mwanadamu anajua hiyo ni lini. Washa namba za wiki kwenye kalenda ya simu yako leo hii.

Chuoni kuna robo saa ya kitaaluma: ratiba ikisema saa kamili bila dakika, darasa linaanza dakika 15 baadaye. Ikiwa imeandikwa na dakika zake, 10.00 au 10.15, linaanza dakika hiyo hiyo. Usiichukue hiyo robo uende nayo kwenye mambo mengine. Ukialikwa chakula saa 18, ni saa 18. Nimeona watu wazima wamesimama nje ya jengo kwenye theluji, zawadi mkononi, wakisubiri dakika zitimie ndipo wabonyeze kengele.

Hatua ya 4: Salamu, na kutokusalimia

Mwaka 1967 Bror Rexed, mkurugenzi mpya wa mamlaka ya tiba, aliwatangazia wafanyakazi wake kwamba atamwita kila mmoja *du*, yaani "wewe", na jina lake la kwanza. Mabadiliko yalikuwa yameshaanza kabla yake, lakini jina lake ndilo lililobaki, na ndani ya miaka michache vyeo vikatoweka kwenye mazungumzo ya nchi nzima. Mfalme ndiye aliyebakiziwa heshima yake. Kwa hiyo profesa mwenye mvi utamwita jina lake tupu, bila "mwalimu", bila "dokta". Kwa mtu aliyefundishwa shikamoo kabla hajajua kufunga vifungo, kazi hii ni nzito. Miezi miwili ya mwanzo niliandika barua pepe zisizo na jina la mtu: *Hej*, kisha naingia kwenye mada. Hakuna aliyeona ajabu. Ukimpachika mtu cheo kila sentensi ndipo anapokosa raha. Anadhani unamkejeli, au una jambo unaloliogopa.

*Hej* ndiyo salamu, na imeisha hapo. Habari za nyumbani, za kazi, za watoto, umeamkaje: weka akiba, utazitumia kwenye simu ya Jumapili na mama.

Kwenye basi, kama kuna kiti kisicho na mtu pembeni, kaa hapo. Kwetu ukijitenga unaulizwa una nini. Kule ukikaa jirani na mtu wakati basi ni tupu, yeye ndiye anajiuliza una nini. Na kwenye jengo, jirani akisikia mlango wako unafunguliwa anaweza kubaki ndani mpaka ushuke ngazi. Niligundua hilo wiki ya tatu, nikaliweka moyoni kwa ubaya kabisa. Nilijua ni rangi yangu. Nitarudi kwenye hilo.

La kaskazini peke yake: "ndiyo" ya kule mara nyingi haitamkwi. Mtu anabana midomo na kuvuta hewa ndani kwa ghafla, *shup*, basi. Siku ya kwanza nilimuuliza dada wa dirishani kama hapo ndipo pa kuchukulia ufunguo, akanivutia hewa. Nikajua nimesonywa. Nikauliza tena kwa upole zaidi, akasonya tena, huku anatabasamu na kunisogezea ufunguo.

Hatua ya 5: Chumba cha kufulia

Hapa naomba utulie, kwa sababu ukikosea mengine yote utasamehewa, ila hili.

Jengo lina chumba kimoja cha mashine, mara nyingi chini kabisa, kinaitwa *tvättstuga*. Unaweka zamu, kwa kawaida ya masaa matatu hivi, ama kwenye skrini ama kwa kufuli dogo lenye namba ya nyumba yako unalochomeka kwenye ubao wa kalenda. Zamu ikifika, anza. Majengo mengi yana kanuni kwamba ukichelewa nusu saa mwingine anaweza kuichukua. Zamu yako ikikaribia kwisha, nguo ziwe zimeshatoka, hata zile za kwenye kabati la kukaushia. Toa manyoya kwenye chujio la mashine ya kukaushia. Futa kisanduku cha sabuni. Fagia. Mlango wa mashine uache wazi kidogo usije ukanuka.

Usipofanya hivyo hakuna atakayekufokea. Utaandikiwa karatasi. Karatasi za chumba cha kufulia ni fasihi inayojitegemea Uswidi, na watu hupiga picha zilizokolea.

Mimi nina yangu. Nilifua khanga mpya aliyonipa mama, jozi nyekundu, kwa nyuzi 60. Rangi ilijificha kwenye mpira wa mlango wa mashine, na mashuka meupe ya aliyenifuata yakatoka ya waridi. Jioni nikakuta karatasi ubaoni: "Aliyefua kitu chekundu Jumanne saa 17 hadi 20, namba 14, njoo nyumba namba 6." Namba 14 ni mimi. Hakuhitaji kuuliza, namba ilikuwa ubaoni.

Nilikwenda na maua. Aliyefungua alikuwa mama mmoja mstaafu wa ghorofa ya pili, yule yule aliyekuwa akijificha nisimpite kwenye ngazi. Akatazama maua, akatazama miguu yangu, akasema nivue viatu. Tukanywa kahawa mezani na shuka la waridi likiwa limekunjwa kati yetu kama kielelezo cha mahakamani. Kikombe cha pili nikapata ujasiri, nikamuuliza kwa nini hataki tukutane ngazini. Alishangaa kweli. Akasema huwa anawafanyia hivyo majirani wote, hata dada yake wanapoishi pamoja majira ya joto, kwa sababu si haki kumlazimisha mtu maongezi asubuhi kabla hajaamka vizuri. Yeye alikuwa ananistahi. Mimi mwezi mzima nilikuwa nanuna.

Sisemi ubaguzi haupo. Upo, na utakapokutana nao utaujua. Ninachosema ni kwamba ule mlango unaosubiri upite si ushahidi wake.

Na khanga mpya, iloweke kwanza bafuni kwenye maji ya chumvi kama ulivyofundishwa nyumbani.

Hatua ya 6: Kula na kununua

Unga wa ugali supamaketi za kawaida hawana. Wana wa njano wa Kitaliano, na ugali wake unakaa kama unga wa kujengea. Tafuta duka la Wasomali au la Waasia: unga mweupe, maharage, ndizi za kupika, bamia, mihogo iliyogandishwa. Stockholm watu huenda Rinkeby, Malmö huenda Möllevången. Tui la kopo liko kila duka. *Filmjölk* ni mtindi mwembamba, na ukiuweka sukari unasahau uko wapi. Sukuma wiki ipo kwa jina la *grönkål*, hasa kuelekea Krismasi.

Kwa asiyekula nguruwe, maneno ya kukariri ni *fläsk*, *gris*, *skinka*, na hili linalowanasa wengi: *blandfärs*, nyama ya kusaga ya ng'ombe iliyochanganywa na ya nguruwe. Zile nyama za duara zinazosifiwa dunia nzima mara nyingi ni za mchanganyiko huo.

Pombe inayozidi asilimia 3.5 dukani karibu yote huiuza Systembolaget ya serikali, kwa aliyetimiza miaka 20, na Jumapili imefungwa. Jumamosi inafunga mapema mchana, kwa hiyo utaona foleni ya watu waungwana kabisa wenye haraka kabisa. Chupa na makopo ya vinywaji yana amana, *pant*. Usitupe, rudisha kwenye mashine ya supamaketi, inakupa risiti ya kukatwa kwenye manunuzi. Duka la dawa au kaunta yoyote, kabla hujasimama popote tafuta mashine ya namba. Bila kijikaratasi cha namba, hata mkiwa wawili tu, wewe hujafika.

Hatua ya 7: Baridi na giza

Baridi ina dawa, nayo ni sufu. Nguo ya ndani iwe ya sufu. Pamba ikilowa jasho inakugandisha. Buti zizidi namba moja ili soksi nene iingie. Barafu ikitanda barabarani nunua *broddar*, meno ya chuma ya kuvalisha kiatu, hata kama unawaona vijana hawavai. Vijana wana mifupa ya huko. Na uning'inize reflekta kwenye koti, maana saa tisa alasiri ni usiku na dereva hakuoni, sisi hasa.

Giza ndilo lenyewe. Mwezi mbaya si Desemba, ni Novemba: mwanga umeshakimbia, na theluji ambayo ingeangaza bado inakuja na kuyeyuka. Usingizi unakuwa mwingi, hamu ya kula inabadilika, na unaanza kuwaza mambo ya ajabu kuhusu maisha yako. Toka nje kila siku saa sita mchana, hata dakika ishirini, hata kama mawingu. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D, na jua lenyewe halipo, kwa hiyo ulizia kituo cha afya kuhusu vidonge kabla hujachoka. Panga kitu cha kufanya kila jioni ya wiki, kitu chenye watu na saa ya kuanza.

Wenyeji nao wanapambana kwa taa. Kuanzia Jumapili nne kabla ya Krismasi kila dirisha linawekwa nyota au kinara, na tarehe 13 Desemba ni Lucia: alfajiri, giza, msichana mwenye taji la mishumaa anaongoza msafara wa kanzu nyeupe wakiimba. Nenda. Mimi si mtu wa kutoa machozi, lakini nenda.

Juni hali inageuka. Saa sita usiku unasoma gazeti barazani. Nunua pazia zito la kuzuia mwanga, la sivyo utakuwa unapika wali saa saba usiku ukidhani ni jioni.

Hatua ya 8: Watu

Kazini na chuoni kuna *fika*, kahawa na kitafunwa, mara moja asubuhi na mara moja mchana. Mgeni mwenye bidii hubaki kwenye kompyuta akidhani anajijengea jina. Anajibomolea. Hapo ndipo habari zinapopita, ndipo bosi anakaa na mfagizi, ndipo watu wanazungumza kweli. Nenda hata kama hunywi kahawa.

Na ukae tayari, zamu yako ya kuleta kitafunwa itafika. Hapa mtu wa pwani ana bahati ambayo hakuitegemea: Waswidi wanatia iliki kwenye mikate yao mitamu, tena kwa wingi. Nilikaanga maandazi usiku, ya tui, iliki nikaisaga mwenyewe, nikaenda nayo kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa. Wa kwanza aliuma, akanyamaza, akauma tena, akasema ladha hii ni ya bibi yake. Mwanamume wa Lapland, mtu mzima, anasema andazi ni la bibi yake! Bakuli lilirudi tupu, na kuanzia siku hiyo nikaitwa jina langu, likitamkwa sawasawa.

Mtu hukaribishwa nyumbani kwa miadi, mara nyingi wiki mbili tatu mbele. Kupita tu na kupiga hodi hakuna. Viatu vinavuliwa mlangoni, kwa hiyo soksi zisiwe na matundu. Baada ya kula unasema *tack för maten*, na mkikutana tena, hata baada ya mwezi, unasema *tack för senast*, asante kwa mara ile. Hilo la pili ukilikumbuka watakuona umelelewa.

Mkila hotelini kila mtu analipa chake. Ukinunuliwa kahawa na baadaye simu ikaita na ombi la Swish la krona 38, usihukumu ni ubahili. Kwetu mimi nikikununulia leo wewe utaninunulia kesho, na hilo deni dogo ndilo linalotukutanisha. Wao wanaogopa kukuachia mzigo wa kurudisha.

Rafiki wa kweli hutampata kwenye basi wala baa. Utampata kwenye chama. Uswidi kuna *förening* ya kila jambo: kuteleza kwenye theluji, kufuma, kutazama ndege, kulima bustani. Na kwaya. Kwaya ziko kila mahali, na Mwafrika Mashariki aliyekulia kwenye kwaya ya kanisa au kaswida hana haja ya kuogopa. Yule mama wa namba 6 ndiye aliyenitajia ya kwake. Hakusema "twende". Alinipa karatasi ya kujiandikisha, akaniachia. Nilijiandikisha, nikapewa besi, na Jumatano ya kwanza watu thelathini walinisalimia kwa majina.

Lugha jifunze hata kama wanajua Kiingereza, na wanajua. SFI, Kiswidi kwa wahamiaji, hutolewa bure na manispaa ukishapata namba. Ukijaribu Kiswidi nao wakahamia Kiingereza, sema *på svenska, tack*. Wenye muda zaidi waulizie *folkhögskola*, shule za bweni za watu wazima. Mfano wake tunao nyumbani: Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza 1975, vilichukua wazo huko.

Agosti na Septemba nenda msituni. Desturi ya *allemansrätten* inampa kila mtu haki ya kutembea na kuchuma matunda pori na uyoga hata kwenye ardhi ya mtu, ilimradi hukanyagi bustani yake wala mazao yake. Mahali wanapochumia uyoga wa njano usiwaulize, hata mkiwa marafiki.

Ukiwa na watoto

Kumpiga mtoto ni kosa kisheria, hata kofi dogo, hata la mama mzazi. Uswidi ilipiga marufuku 1979, ya kwanza duniani. Mwalimu akiona alama au akisikia maneno ya mtoto, analazimika kutoa taarifa ustawi wa jamii. Liongeeni na mwenzako kabla ya safari.

Upande wa pili una neema. Mtoto mnayeongea naye Kiswahili nyumbani anaweza kufundishwa Kiswahili shuleni. Manispaa inawajibika ikiwa wanafunzi wa lugha hiyo wanafika watano na mwalimu anapatikana. Kwa hiyo tafuta familia nyingine, na usiwasahau Wakongomani. Kwenye miji mingi wao ndio wasemaji wengi wa Kiswahili. Tofauti za Kiswahili chenu mtazimalizia kwenye chakula.

Ukiugua

Dharura ni 112. Yote mengine ni 1177, muuguzi atakusikiliza na kukuelekeza. Uwe tayari kuambiwa unywe maji, upumzike, umeze Alvedon, yaani paracetamol. Antibiotiki hawazigawi hovyo, na homa ya siku mbili haiwatishi. Ila kama umetoka kwetu karibuni na una homa, sema hivyo sentensi ya kwanza na utaje malaria kwa jina lake.

Ukiondoka

Soma mkataba wa nyumba mapema, notisi inaweza kufika miezi mitatu. Toa taarifa Skatteverket kwamba unahama nchi. Hati zote za chuo, kodi na benki zipakue BankID ikiwa bado hai.

Halafu usafi. Nyumba hukaguliwa, na usafi wa kuhama si ule wa Jumamosi. Jiko linavutwa kutoka ukutani na nyuma yake kunasuguliwa. Mkaguzi wangu alipitisha kidole juu ya fremu ya mlango wa bafu, akakitazama, akavuta hewa: *shup*. Safari hii sikununa.

Koti rudisha Myrorna. Barua zitaendelea kuja miezi kadhaa baada yako, hasa za kodi. Kuna huduma ya kulipia ya kuzihamishia kwa mtu mwingine. Zangu nilizihamishia namba 6. Nilipopita kuaga, mama alikuwa ameshabandika jina langu mlangoni chini ya lake, kwa herufi ndogo, na kulifunika kwa gundi ya plastiki lisilowe.